Meza ya Wanawake, Ghorofa ya Pili

Ashar 1, Jumapili

Mvua imeingia leo, siku ileile kalenda yetu inapouanza Ashar, mwezi wa mvua, na saa nne asubuhi simu ya kwanza iliyolowa imeletwa dukani ndani ya bakuli la muri. Mchele wa kukaushia simu tumeshauzoea, lakini bisi za mchele! Mwenye simu amesema mchele umepanda bei. Nimekaa nusu saa nikichokonoa punje kwenye tundu la chaja kwa sindano, na Lutfa apa, dada mkubwa ninayefanya naye kazi, amecheka mpaka akashika ukuta.

Nimeamua kuandika msimu huu wote. Mvua ndiyo mavuno yetu mafundi wa simu, na mwaka jana nilisahau mambo mengi ya kufundishia.

Ashar 3

Simu saba. Mbili zimekufa kabisa.

Ashar 5, Alhamisi

Siku ya kurekodi dondoo, video yangu fupi ya mtandaoni ya kila Alhamisi. Nimekaa kwenye kiti kirefu, ushungi mpya, feni imezimwa isiharibu sauti, nikawaambia wanawake wa Beanibazar: simu ikilowa izime, toa laini, futa, iegemeze mbele ya feni ikiangalia chini, na usiitikisetikise. Usiweke kwenye mchele. Usiweke kwenye muri. Muri ni ya kula.

Hannan bhai, yaani kaka Hannan, fundi wa duka la mkabala, alipita nyuma yangu na ndoo ya maji ya mvua. "Daktari, na mimi nimelowa. Niegemee feni nikiangalia chini?"

"Wewe ni wa kutupwa tu, huna vipuri," nikamjibu.

Imebidi kurekodi upya. Mtu yule ana kipaji cha kunichefua. Anaona uchungu kwa sababu wanawake wote wanapanda ngazi na kukata kushoto kwetu, na kwake kulia hawaendi. Wataendaje? Nusu ya wanawake wa mji huu waume zao wako Oman, Qatar na London. Ndoa zao zimo ndani ya simu: sauti, machozi, picha. Mwanamke gani atamwachia mwanamume simu ya namna hiyo na kumchorea alama ya kuifungulia?

Kwetu wanachora bila kuombwa. Lutfa apa anapokea simu mbele, anabandika kipande cha plasta nyuma yake, anaandika jina na ule mchoro, kisha ananiletea mimi huku nyuma. Kila fundi anafanya hivyo, simu isiyofunguka huwezi kuijaribu. Tofauti ni kwamba kwetu wanamchorea Lutfa apa huku wakimsimulia habari za mama mkwe. Miaka mitano sasa tuko pamoja. Mimi nina mikono, yeye ana sikio. Bila yeye ningeshagombana na wateja wote.

Ashar 8

Sasisho jipya limetoka na limezilemaza simu zote za zamani. Tangu asubuhi ni swali moja tu: "Ruzina apa, simu yangu imezeeka ghafla?" Nimejibu mpaka koo limekauka. Nimewazimia sasisho la kujiendesha lenyewe. Wengine hawakuamini kwamba kazi hiyo ni ya kubonyeza mara tatu tu.

Ashar 10

Lutfa apa ameniletea jambo la maana. Kuna programu inaitwa Shinduk, yaani kasha. Ukiitazama ni kikokotoo cha kawaida, unajumlisha na kutoa. Ukiandika namba yako ya siri, linafunguka kasha la picha. Wifi akikupokonya simu atakuta mahesabu tu.

"Umeipima?" nikamuuliza.

"Wiki nzima, kwenye simu yangu mwenyewe. Haina tatizo."

Nilikuwa na simu kumi na moja mezani zimefunuliwa matumbo. Nikasema sawa.

Ashar 12, Alhamisi

Nimerekodi dondoo la Shinduk. Nimesema maneno haya, nayaandika kwa sababu nimeyapenda: "Dada zangu, picha yako ni yako na mumeo. Ifungieni kashani. Mimi Ruzina nimeipima, iwekeni bila hofu."

Hannan akapita tena. "Kikokotoo gani kinachotaka bando, daktari?"

Nikamfukuza kwa bisibisi. Hadi tunafunga duka, dondoo lilikuwa limetazamwa kuliko yote niliyowahi kutoa.

Ashar 15

Umeme umekatika mara sita. Sina la kuandika.

Ashar 21, Jumamosi

Monjila ameleta simu iliyopasuka kioo. Huyu binti ana miaka ishirini na mbili. Aliolewa, akakaa na mumewe wiki tano, mume akarudi Oman. Huu ni mwezi wa ishirini. Kila Ijumaa anaoga, anafumua nywele, anajipiga picha moja dirishani na kumtumia. Hakuniambia mimi, alimnong'oneza Lutfa apa, na Lutfa apa akanisimulia tukinywa chai, na sote wawili tulilainika.

Mashine yetu ya kupashia vioo joto vibanduke imekufa kwa unyevu, ikabidi nimeze kiburi nikaazime ya Hannan. Simu ya Monjila imekaa kwake saa nzima, plasta na mchoro mgongoni. Sikupenda.

Ashar 22

Monjila amechukua simu yake. Lutfa apa amemwekea Shinduk na kumfundisha kuitumia. Binti ametuletea pitha tano, vile vikeki vya unga wa mchele, kwenye kopo. Nimekula tatu.

Ashar 28

Mvua. Mvua. Mvua.

Srabon 4, Jumamosi

Mwezi wa pili wa mvua umeanza vibaya.

Monjila amekuja asubuhi bila mwavuli, miguu ina tope mpaka magotini. Hakusalimia. Alitoa simu akaitupa mezani kama kitu kilichomuuma. Kwenye ukurasa mmoja wa mtandao, wa watu nisiowajua, ipo picha yake: dirisha, nywele zimeanguka mabegani, lile tabasamu la mtu anayetazamwa na mtu wake. Chini yake wanaume mia nne wameandika walichoandika. Mwanamume anayelala chumba kimoja na mumewe kule Oman ndiye aliyeiona kwanza, akamgeuzia mumewe simu akimwambia, "Huyu si shemeji?"

Mume hapokei simu tangu Alhamisi. Mama mkwe amemwambia afungashe.

"Simu yangu haijaguswa na mtu," alisema. "Ni ninyi tu. Ninyi tu!"

Lutfa apa alizunguka meza akamkumbatia. Walilia pamoja, wamesimama, kama mtu na mama yake. Mimi sijui kulia mbele za watu. Najua kukasirika. Nikakumbuka ile saa moja, mashine ya vioo, plasta na mchoro. Nikavuka ukumbi.

"Mwizi wa picha!" nikampigia kelele Hannan, na wateja wake wamekaa pale. "Nilikuamini saa moja tu, saa moja! Huna dada wewe?"

Akaweka chini simu aliyokuwa nayo. "Ruzina, sema taratibu. Picha gani?"

"Usinijibu! Mbwa wewe, fundi wa kuchungulia!"

Ukumbi mzima ulitoka nje kutazama. Nilimaliza, nikarudi kwangu, na nasema kweli, nilijisikia vizuri.

Srabon 5

Hannan hajafungua duka. Kwenye shata lake mtu ameandika neno kwa chaki. Nimelisoma nikaona anastahili.

Srabon 7, Jumanne

Wamekuja wengine wawili, kwa nyakati tofauti. Mmoja mwalimu, mwingine mke wa muuza vitambaa. Kisa kilekile, ukurasa uleule. Simu zao hazijawahi kukaa kwa Hannan hata dakika.

Lutfa apa amesema huenda Hannan anaingia kwetu tukiwa kwenye sala. Nimesema huenda. Nilitaka sana iwe hivyo.

Srabon 8, Jumatano

Naandika haya nikiwa chooni kwa sababu Lutfa apa yuko mbele na sitaki anione uso.

Mke wa muuza vitambaa aliacha simu yake. Nimeichunguza tangu saa mbili. Mwishowe nikafanya jambo ambalo mimi mwenyewe huwafundisha wanawake mwezi baada ya mwezi: nenda kwenye mipangilio, tazama kila programu imekula bando kiasi gani. Juu kabisa ilikuwa Shinduk. Gigabaiti tatu, na zote ni za kutuma. Kasha ni la kufungia. Linamtumia nani?

Nikaingia kwenye ukurasa wa taarifa zake. Chini, kwa herufi ndogo: Umealikwa na LUTFA-7716.

Kwenye rafu kulikuwa na simu kumi na tisa za wateja. Plasta ziko mgongoni, michoro ninayo. Nimezifungua moja moja. Kumi na nne zina Shinduk. Moja ni ya bibi mmoja aliyeleta tundu la chaja tu, hajui kikokotoo ni nini, wala hajawahi kujipiga picha. Picha zote zilizomo ni za wajukuu. Nayo imeandikwa: Umealikwa na LUTFA-7716.

Halafu nikachukua yangu. Mimi sikuwahi kuiweka. Nilikuwa nimesema mbele ya dunia nzima kwamba nimeipima, na sikuwahi hata kuifungua. Nimetafuta vikokotoo kwenye simu yangu nikakuta viwili. Cha pili kimewekwa Ashar 2. Siku kumi kabla ya lile dondoo. Mchoro wa simu yangu anaujua tangu mwaka wa kwanza, huwa ananipokelea simu nikiwa na gundi mikononi.

Humo simuni mna picha za mama yangu wiki zake za mwisho, pale hospitalini, kichwa wazi, mfupa mtupu. Nilimpiga picha kwa sababu aliniomba. Sijamwonyesha mtu. Sasa zimo kwenye kasha la mtu nisiyemjua.

Lutfa apa anagonga mlango. Ananiuliza kama tumbo linaniuma.

Srabon 9, Alhamisi

Nimemngoja mpaka tukafunga shata nusu, wateja wakaisha. Nikamwekea mbele simu ya yule bibi, ukurasa uko wazi. Akasoma. Hakujifanya kushangaa, angalau hilo hakunifanyia.

"Nilikuwa nataka kukuambia," akasema.

"Lini, apa?"

"Wenye Shinduk wanalipa kwa kila simu unayoiwekea. Kila duka linaweka vitu vya kulipwa, usijifanye mtoto. Na wewe uliwawekea wateja ile programu ya nyimbo."

"Niliwauliza wenyewe. Yupi kati ya hawa kumi na wanne ulimwuliza?"

"Walisema picha zinahifadhiwa tu. Zisipotee."

"Na ulipojua kwamba hazihifadhiwi?"

Akaanza kukusanya vikombe vya chai. Vikombe! Nikamshika mkono.

"Ulijua lini, Lutfa apa?"

"Mwisho wa Ashar. Kuna dada mmoja alikuja, picha yake imevuja, wewe ulikuwa umekwenda kununua vioo. Nikamwambia anyamaze, akizungumza ataiharibu nyumba yake."

Mwisho wa Ashar. Kwa hiyo Monjila alipoingia na tope magotini, Lutfa apa alikuwa ameshajua. Alimkumbatia akijua. Alilia naye akijua, na mimi nilipovuka ukumbi kwenda kumtukana mtu asiye na kosa, alinitazama nikienda.

"Ulimkumbatia," nikasema. "Ulimkumbatia yule mtoto."

"Ningefanya nini? Ningemsukuma?" Sauti yake ikapanda. "Sikiliza, Ruzina. Ukisema, duka limekufa leo. Ukinyamaza, nitaziondoa zote kimyakimya, mvua itaisha, watu watapata la kuongea jingine. Na ukumbuke kitu kimoja. Mimi sijasema neno mahali popote. Sauti ni yako."

Alisema hivyo akiwa ananifunga kifungo cha mkono wa shati kilichokuwa kimefunguka, kama anavyofanya siku zote. Nilimwacha amalize kukifunga. Kisha nikamwambia atoke.

Nina miaka thelathini na moja na sina dada wa tumbo moja. Nilidhani ninaye.

Srabon 10

Ijumaa, soko limefungwa. Nimelala kutwa. Namchukia. Halafu nakumbuka alivyonilisha wali kwa mkono wake siku nne baada ya msiba wa mama, na namchukia zaidi.

Srabon 11, Jumamosi

Nimekwenda nyumbani kwa Hannan bhai. Mkewe alinifungulia, akanitazama, akaniachia mlango bila kunikaribisha. Hannan alikuwa anamenya viazi.

Nimemwambia yote. Nikamwomba radhi. Nilitegemea mzaha, nilikuwa nimejiandaa kwa mzaha.

"Wale wenye Shinduk walikuja kwangu kwanza," akasema. "Mwezi mzima kabla ya mvua. Nikaipima siku mbili, nikaona kikokotoo kinakula bando kuliko sinema. Nikawafukuza."

"Kwa nini hukuniambia, bhai?"

"Nilikuambia. Ukanitolea bisibisi."

Nilitazama viazi. Yeye akaendelea kumenya.

"Binti yangu shule wamemwuliza kama baba yake ni mchunguliaji," akasema. "Ile chaki nimeifuta mara tatu. Ulilitangaza ukumbi mzima, Ruzina. Na hili la leo umekuja kuniambia jikoni kwangu."

Srabon 12, Jumapili

Nimerekodi. Siku tatu nzima nilikuwa najua na nilinyamaza, naandika hili ili siku moja nisije nikajisifu. Siku tatu niliwaza duka.

Nilifungua shata lote, nikasimama ukumbini katikati ya duka letu na la Hannan, watu wanapita, wananiona. Sikuzima feni. Nikasema: mimi Ruzina niliwaambia nimeipima Shinduk. Nilidanganya. Sikuipima, niliamini neno la mtu. Fundi Hannan nilimtukana hapa hapa, hana kosa lolote. Kisha nikawaonyesha hatua: tazama kama una vikokotoo viwili. Zima mtandao kwanza. Ingia mipangilio, iondolee ruhusa ya picha, kisha ifute. Badilisha mchoro wako. Na kuanzia leo usimwandikie fundi mchoro, yeyote, hata mimi. Kaa hapo ufungue mwenyewe, usubiri, uondoke na simu yako.

Jina la Lutfa nimelitaja. Nilifikiria sana. Lakini nisingelitaja wangesema ni Hannan.

Lile dondoo la zamani nimelifuta.

Srabon 13

Nimekwenda kwa mama mkwe wa Monjila na simu tatu za ushahidi. Amenikalisha barazani, amenipa chai na biskuti, amesikiliza kila kitu, hata yale ya gigabaiti.

"Nimekuelewa, binti yangu," akasema. "Picha imeibwa. Mkwe wangu hana kosa."

"Basi arudi, khala?" nikamwita kama mama mdogo wangu.

"Mwanangu anafanya kazi na wanaume sitini. Utakwenda kuwaeleza mmoja mmoja?"

Monjila yuko kwa baba yake. Mumewe amepiga mara moja, amemwuliza kama amekula, akakata.

Srabon 16, Alhamisi

Sikurekodi.

Srabon 19

Wanawake wamemaliza kuchukua simu zao. Hawakunigombeza. Ningependa wangenigombeza. Wanasimama mbali na meza, wananyoosha mkono, wanaangalia plasta kama bado ipo, wanaibandua palepale mbele yangu na kuikunja. Yule bibi wa wajukuu ndiye pekee aliyeniuliza kama nimekula.

Srabon 25

Lutfa amepata nafasi duka la chini, lenye vioo. Yuko mbele, anapokea wateja. Nimepita nikamsikia akicheka kile kicheko chake cha kushika ukuta. Anasimulia kwamba mimi nilipokea pesa na kumsingizia yeye. Wanamwamini. Kwa nini wasimwamini? Anawasikiliza vizuri.

Srabon 30

Mvua imepungua. Simu moja tu wiki nzima, nayo ni ya mke wa Hannan. Aliisimamia mpaka nikamaliza.

Bhadro 4, Jumanne

Leo amepanda ngazi mwanamke mmoja, amebeba mtoto, amevaa sari ya kusafiria, ile ya kutunzwa sandukuni. Ametoka vijiji vilivyozungukwa na maji huko, mashua kwanza kisha basi, mwendo wa saa tatu. Alisimama mlangoni akaninyooshea kidole, uso umechangamka.

"Ni wewe! Ruzina apa wa kwenye simu!"

Nikamkaribisha. Sikuwa nimekaribishwa mimi wala kumkaribisha mtu kwa wiki mbili, nilifurahi kama mjinga. Akasema kijijini kwao hakuna fundi mwanamke, wanasikiliza dondoo zangu kwa kurushiana. Dada yake kamrushia yeye, yeye kawarushia wenzake wa kikundi cha kushona. Amekuja kwa sababu spika inakwaruza, akasema moyoni, kama ni kwenda, naenda kwa Ruzina apa tu.

"Na ile uliyotufundisha nimeiweka mwenyewe," akasema kwa fahari. "Sote tumeiweka, kumi na saba. Sikiliza."

Akabonyeza. Spika ikakwaruza, kisha nikaisikia sauti yangu mwenyewe, feni imezimwa, safi: picha yako ni yako na mumeo. Mimi Ruzina nimeipima, iwekeni bila hofu.

Kwenye ukurasa wangu nililifuta. Huko linatembea simu kwa simu, na hakuna mkono wangu unaolifikia.

Nikamwambia. Polepole, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alidhani natania. Nikamwambia ni wizi, aifute sasa hivi, akifika awaambie wale kumi na sita. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ule uchangamfu ulimtoka usoni, akamhamisha mtoto bega.

"Yule wa kwenye simu anasema niiweke," akasema. "Wewe unasema niifute. Ninyi nyote ni Ruzina. Nimwamini yupi?"

"Mimi, dada. Niamini mimi. Lete simu nikutolee."

Nilinyoosha mkono. Yeye akarudi nyuma hatua moja, akaikumbatia simu kifuani pamoja na mtoto.

"Hapana," akasema. "Wewe niambie tu pa kubonyeza. Nitabonyeza mwenyewe."

Nikarudisha mkono, nikauweka pajani, nikaanza kumwelekeza kwa mdomo.